Shangazi, nasubiri jino langu liote tena tangu 2017, hivi hawa watafiti wanatudanganya?

BARUA

Shikamoo shangazi,

Naomba unijibu hata kama ni kwa kifupi, maana hili jambo limeshakuwa ugomvi ndani ya nyumba na mimi mwenyewe sijielewi tena. Nina miaka 41, nina mke na watoto wawili. Mwaka 2016 niling'olewa gego la chini upande wa kushoto, lilikuwa limetoboka muda mrefu nikawa navumilia tu, mpaka siku niliyoamka uso umevimba ndo nikaenda, daktari akaangalia akasema hili halizibiki tena, likatoka. Akaniambia nirudi baada ya miezi michache tuongee namna ya kuziba pengo. Sikurudi.

Sababu ya kutorudi ni kwamba mapema 2017 niliona habari kwamba wanasayansi wa London wamepata dawa inayofanya jino lijiponye lenyewe, na kichwa cha habari kilikuwa kinasema habari ya kuziba meno inakwisha. Shangazi nilifurahi sana. Nikamwambia mke wangu ya nini sasa nikatobolewe taya niwekewe chuma wakati kitu chenyewe kinakuja, tusubiri mwaka mmoja miwili. Basi nikasubiri. 2018 kimya, 2019 kimya, 2021 wakaja Wajapani na panya wao waliooteshwa meno, nikapata moyo tena, 2024 nikasikia wameanza kwa binadamu, nikasema haya sasa, kumbe wanasema labda 2030. Kila nikihesabu nimefika, tarehe imesogea mbele. Saivi nikiona tu habari yoyote yenye maneno "kuotesha meno" naipita kwa hasira, sitaki hata kuifungua.

Huku nyuma mdomo wangu haukusubiri. Gego la juu linalotazamana na pengo limekuwa refu, yaani limeshuka, na lile la nyuma ya pengo limelalia mbele, chakula kinakwama hapo kila siku, nikichokonoa damu inatoka na nikilisukuma kwa kidole naona linacheza. Natafuna upande mmoja tu sasa. Kwenye picha nafunga mdomo. Ulimi wangu umezoea kwenda pale kwenye pengo, nikiwa kwenye kikao, nikiwa naendesha gari, unaenda wenyewe.

Shemeji yangu anasema dawa ipo siku nyingi ila wenye biashara ya meno wameificha kwa sababu watakula wapi. Mwanzoni nilimpinga, siku hizi nanyamaza maana sina jibu. Mke wangu naye anasema nimekuwa mtu wa kutoamini daktari yeyote, eti hata binti yetu wa miaka saba ambaye ana doa jeusi kwenye gego la nyuma nimekataa asipelekwe, lakini mimi nilimwambia hayo ni meno ya utoto yatang'oka tu yaote mengine, na hata yasipoota vizuri, mpaka akue mkubwa si watakuwa wameshapata hiyo dawa.

Halafu kuna jamaa mtandaoni anauza matone anasema yanaotesha meno kwa miezi mitatu, na mwingine ananiambia anaweza kuniandikisha kwenye majaribio ya Japani nikitoa hela kwanza. Nilikaribia kutuma.

Swali langu ni hili shangazi, hawa watu ni waongo au siyo? Nisubiri hiyo 2030 au niachane nayo kabisa?

Nimechoka Kusubiri

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kabla sijagusa London wala Japani naomba turudi kwenye mstari ulioupitia mbio, ule wa binti yako. Leo usiku kabla hajalala mkalishe mahali penye mwanga, washa tochi ya simu, mwambie afungue mdomo. Anza katikati kabisa, pale meno mawili ya mbele yanapokutana, halafu hesabu kwenda nyuma upande ule wenye doa: moja, mbili, tatu, nne, tano. Meno ya utoto yanaishia hapo kwenye tano. Mtoto ana 20 tu, matano kila upande juu, matano kila upande chini. Kama doa liko kwenye jino la sita basi hilo siyo jino la utoto, ni gego la ukubwani, linaota mtoto akiwa na kama miaka sita, na linatudanganya wazazi kwa sababu haling'oi jino lolote kupata nafasi, linachomoza tu kimyakimya nyuma ya mengine kwenye ufizi uliokuwa mtupu. Hakuna lingine linalokuja baada ya hilo. Ndilo atakalotafunia akiwa na umri wako na akiwa na umri wangu.

Nimekaa kwenye vyumba vya meno miaka 26, nikishika taa, nikichanganya dawa za kuzibia, nikiwafuta watoto machozi, na kama kuna jino moja nimeona likipotea kwa kutojua tu ni hilo la sita. Mzazi anakuja anasema "ng'oa tu dokta, si ya utoto hayo", na daktari inabidi amweke kiti pembeni amwonyeshe kwenye eksirei. Wewe umeandika kwamba dawa itakuwepo mpaka akue. Mwanangu, hapo ndipo nilipoumia. Wewe kusubiri na mdomo wako ni uamuzi wa mtu mzima, lakini huyu binti hakuulizwa. Doa la leo pengine ni tundu dogo la kuzibwa kwa dakika chache, au hata la kupakwa dawa tu lisiendelee, na likiachwa miaka miwili ni habari ya usaha na kung'oa, yaani tunarudi kwenye barua yako ileile ya 2016 lakini sasa ni ya mtoto wa miaka tisa. Hata likiwa ni la tano au la nne bado apelekwe, maana magego ya utoto mengine hayang'oki mpaka miaka kumi au kumi na mbili, na yakiingia usaha yanaweza kulidhuru lile la ukubwani linalojijenga chini yake. Mpe mama yake ruhusa, au nenda naye mwenyewe, itakuwa vizuri zaidi kwa sababu wewe pia una kiti chako cha kukalia huko.

Sasa tuje kwenye hasira yako. Una haki nayo, sitaki kukuficha. Tangu mapema miaka ya 2000 mimi nasoma vichwa vya habari vinavyosema miaka michache ijayo tutaotesha meno, na wagonjwa walikuwa wanakuja na gazeti mkononi wananiuliza, na mimi nilikuwa najibu "hivi karibuni" kwa sababu niliamini. Nilikosea kusema hivyo. Mtu aliyekata tamaa na meno yake anashika neno "karibuni" kama mtu anayezama, na wale wanaoandika hivyo vichwa vya habari, na wakati mwingine vyuo vyenyewe vinapotaka kusifiwa, hawamwoni yule anayefunga mdomo kwenye picha.

Lakini angalia hiyo habari yenyewe ya 2017 uliyoishika. Ilitoka King's College London, na haikuwa habari ya kuotesha jino lililong'olewa hata kidogo. Walichofanya ni kutoboa vitundu kwenye magego ya panya, gego lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele, wakaweka kipande cha sponji kilicholowekwa dawa inayoitwa tideglusib, ambayo ilikuwa imeshajaribiwa kwa watu wenye ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, na ile dawa ikaamsha seli zilizo ndani ya jino zikajenga dentini, yaani ile tabaka iliyo chini ya enameli (ganda gumu la nje la jino), zikajaza tundu. Kazi nzuri kweli. Ila inahitaji jino lenye uhai liwepo mdomoni. Wewe lako lilikuwa limeshaenda tangu 2016. Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unasubiri kitu ambacho hata kingefika kesho asubuhi kisingekupa gego lako, na hakuna aliyekwambia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kuchelewa kwenyewe.

Unajua watu wanasema "kuotesha meno" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna hao wa kujaza dentini. Kuna wanaotaka kulijenga jino zima kutokana na seli, na hawa wana historia ndefu: mwaka 2002 kule Boston walichukua seli za vichipukizi vya meno ya nguruwe wakaziotesha ndani ya mwili wa panya vikatoka vijino vidogo vyenye enameli na dentini, na mwaka 2009 timu ya Takashi Tsuji kule Japani ikapandikiza kichipukizi kwenye taya la panya aliyekomaa aliyeng'olewa gego, jino likaota, likachomoza, likatafuna, hata maumivu likawa linasikia. Ukisoma hapo unasema si basi imekwisha, kwa nini mimi sijapata? Kwa sababu hicho kichipukizi kilitengenezwa kwa seli za kijusi cha panya. Wewe mtu wa miaka 41 seli za namna hiyo huna, na hakuna mahali pa halali pa kuzitoa, kwa hiyo tangu hapo kazi yao imekuwa ni kutafuta seli za mtu mzima zitakazokubali kutii amri ileile. Na enameli ndiyo ngumu kabisa, maana seli zinazoitengeneza zinapotea jino likishachomoza kwenye ufizi. Ndiyo maana mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatika inafunga, lakini jino likimeguka limemeguka.

Halafu kuna hawa wa Kyoto, hukohuko Japani, Katsu Takahashi na wenzake, ambao njia yao ni tofauti kabisa, hawajengi kitu nje ya mwili. Waligundua kwamba kuna protini inaitwa USAG-1 inayofanya kazi kama breki, inazuia jino lisiote, na wakatengeneza kingamwili, yaani protini ya kinga, ya kuizuia hiyo breki isifanye kazi. Mwaka 2021 wakaonyesha kwamba panya aliyezaliwa bila baadhi ya meno akipewa dawa hiyo jino linaota zima, wakajaribu na kwa fereti, mnyama ambaye kama sisi ana meno ya utoto na ya ukubwani, na kwake pia likaota jino la ziada. Mwaka 2024 wakaanza kwa binadamu: wanaume 30 wa miaka 30 hadi 64 waliopungukiwa angalau jino moja, walipangwa kupewa dawa kwa mshipa. Na hapa nisikilize vizuri, kazi ya hatua hii ni kuangalia kama dawa ni salama, basi. Wanaofuata siyo watu kama mimi na wewe, ni watoto wadogo wa miaka 2 mpaka 7 waliozaliwa bila meno kadhaa, ambao pengo lao halikutokana na kutoboka wala kuvunjika. Hiyo 2030 unayoisikia ni lengo lao la kuwafikia hao kwanza. Mwenye pengo la kung'olewa yuko nyuma yao kwenye foleni, na mimi nasema ni sawa kabisa awe nyuma, maana nimeshamwona mtoto wa shule asiyetaka kusoma kwa sauti darasani kwa sababu mdomoni ana meno manne yaliyochongoka tu, na hajakosea kitu chochote duniani.

Unauliza mbona wanachukua muda wote huu. Mwanangu, jino lenyewe ndilo linalochukua muda. Hilo gego la sita la binti yako lilianza kujijenga wakati anazaliwa, likachomoza mwaka jana, na mizizi yake itakamilika akiwa na miaka tisa au kumi hivi. Karibu miaka kumi kwa jino moja! Panya gego lake linachomoza ndani ya wiki chache, ndiyo maana kwa panya kila mwaka kuna habari mpya, lakini huwezi kumharakisha binadamu, ukimpa mtu dawa leo ukitaka kujua kama jino limeota kwa umbo sahihi, mahali sahihi, na halijasimama kwenye njia ya lingine, unakaa unasubiri na kalenda yake siyo yako. Na je likiota jino la mbele kwenye nafasi ya gego? Na je yakiota mawili pale ulipotaka moja? Hayo yote lazima yajibiwe kabla mtoto wa mtu hajachomwa sindano.

Tena hiyo protini ya USAG-1 haiko kwenye meno peke yake, iko hata kwenye figo. Ukizuia breki ya jino lazima ujue umezuia nini kingine huko chini. Watu wa rika langu tunaokumbuka mwaka 2006 London hatuwezi kuwaharakisha, wanaume sita wazima wa afya walijitolea kupewa kingamwili mpya iliyoonekana salama kwa wanyama, wakapewa kipimo kidogo mara 500 kuliko kile ambacho wanyama walikivumilia, na ndani ya masaa machache wote sita walikuwa wanapigania uhai, viungo vinafeli. Walipona kwa matibabu ya hali ya juu lakini siyo bila madhara. Wale walikuwa wanajaribu dawa ya magonjwa mazito. Sisi tunaongelea jino, ambalo kulikosa kunaumiza na kunadhalilisha lakini hakukuui, na hakuna daktari mwenye moyo atakayekubali kuhatarisha figo za mtoto wa miaka mitatu ili mimi nipate habari yangu mapema.

Kuhusu shemeji yako na dawa iliyofichwa. Nimelisikia hilo kwenye viti vya kusubiria zaidi ya mara mia. Muulize swali moja tu, hii kazi inafanywa Japani, Uingereza, Marekani, China, vyuo vinavyoshindana na makampuni yanayochukiana, ni nani amewakusanya wote wakakubaliana kunyamaza? Shirika la Afya Duniani lilisema 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Atakayekuwa wa kwanza kuuza jino la kuota lenyewe atapata utajiri usiohesabika, na daktari wa meno atakuwa na kazi zaidi siyo pungufu, kwa sababu hilo jino jipya nani atalisimamia? Ila kuna kipande kimoja cha ukweli anakigusa bila kujua, hela. Mwekezaji hapendi kitu cha miaka ishirini, na ugonjwa usioua haupati mafungu kama unaoua, kwa hiyo utafiti mwingi wa meno umekufa njaa katikati ya panya na binadamu. Hakuna aliyeuficha, umeachwa tu bila chakula, na hilo mimi linanikasirisha kuliko njama yoyote.

Na hizo nguzo za titani ulizozikataa, zile ulizoita chuma, nazo zilichelewa. Yule Mswidi Brånemark aliona mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba titani inashikana na mfupa wa sungura, mgonjwa wa kwanza akawekewa 1965, wenzake kwao wakamdharau miaka na miaka, na ni mkutano wa Toronto wa 1982 ndo ulifanya madaktari wengi duniani wakubali. Miaka thelathini hiyo. Yule mgonjwa wa kwanza alikufa 2006 meno yake bado yako mdomoni yanafanya kazi. Aliyesema 1970 kwamba jambo hili linachelewa alikuwa sahihi, na aliyesema ni uongo alikosea, ni vitu viwili tofauti mwanangu, na wewe umevichanganya kwa sababu umechoka.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba siyo waongo, ila wewe usiwasubiri. Endelea kuwatakia heri ukitaka, soma habari zao, lakini mdomo wako usiuweke kwenye foleni yao, kwa sababu wakati wewe umekaa taya halikukaa. Ukishang'oa jino mfupa uliolishika unaanza kuliwa, na mwaka wa kwanza ndo unaopungua zaidi, upana wake unaweza kupungua hata nusu. Jino la juu likikosa mwenzake wa kugongana naye linashuka kumtafuta, la nyuma linalala. Niliwahi kumshikia mama mmoja eksirei yake kwenye ubao wa taa, pengo la miaka mingi kama lako, gego la juu limeshuka mpaka linakaribia kugusa ufizi wa chini, akaliangalia muda mrefu akasema "kumbe lilikuwa linatembea". Mzizi wake ulikuwa umebaki wazi nusu. Hata dawa ya Kyoto ikija, jino jipya litaota wapi kwenye taya iliyokonda na nafasi iliyozibwa na majirani? Anayetaka kweli kufaidi matibabu ya kesho ndiye anayepaswa kulinda taya na fizi leo.

Nenda wiki hii, usianze na pengo, anza na lile linalocheza. Kutoka damu, chakula kukwama, jino kutikisika, hiyo kwa kawaida ni fizi zimeshambuliwa, ukoga umeingia chini ya ufizi, na fizi zikitibiwa mapema jino linaweza kukaza na kubaki. Mwambie daktari kama unavuta sigara, na kama hujapima sukari siku nyingi pima, maana sukari na fizi ni marafiki wabaya. Utafanyiwa usafi wa chini kabisa ya fizi, pengine kwa ganzi, na utaambiwa urudi. Safari hii urudi.

Baada ya hapo ndo uongee habari ya pengo. Muulize daktari hayo meno yaliyohama yanarudishika au la, maana hilo ndo litaamua mengine. Meno ya bandia ya kuvua hayakati jino lolote wala hayatobolei mfupa, ukibadili mawazo unayavua. Daraja linakaa imara lakini majirani wanasagwa ili kulibeba, na jirani yako mmoja anacheza kwa hiyo kwako silipendi. Nguzo ya titani inautunza mfupa vizuri, ila kwa muda uliopita huenda kwanza ukahitaji kuongezewa mfupa, na mwenye fizi zinazotoka damu hawekewi mpaka zipone. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na la kuvua ili kuwazuia hao wanaotembea, huku fizi zinapona, halafu nguzo ningeifikiria taratibu. Sikiliza daktari aliyeona mdomo wako kuliko mimi nisiyeuona.

Matone ya miezi mitatu usinunue. Hakuna tone wala unga wala mafuta yaliyowahi kuotesha jino la binadamu, na anayekuuzia anajua. Na huyo wa kukuandikisha Japani kwa hela ya kwanza, mfute kwenye simu yako. Majaribio halali hayauzi nafasi kwa kishika uchumba mtandaoni, na wale 30 walishachaguliwa kwa masharti yao.

Dawa ya meno ya nyumba nzima iwe na floraidi, angalia ubavuni mwa boksi iwe 1000 ppm au zaidi, yaani sehemu 1000 za floraidi kwa kila milioni, mara mbili kwa siku, na mkimaliza mteme povu msisukutue na maji mengi. Binti yako mswakie wewe mwenyewe hilo la nyuma, mkono wa mtoto wa miaka saba haufiki huko hata akijitahidi.

Haya, kawashe tochi. Ukishahesabu niandikie doa liko kwenye jino la ngapi, hata kama ni usiku.

Shangazi yako